Hewa ya Tabora inatosha

Wadau, kuna stori moja ambayo haifi. Nimeisikia Dar, nimeisikia Mwanza, na safari hii nimeikuta Tabora, kwenye gereji moja ya uani, chini ya mwembe. Eti ukichukua mtungi wa oksijeni wa fundi wa kuchomelea, ukavuta mpira mwembamba mpaka kwenye bomba linaloingiza hewa kwenye injini, gari linapaa. Wengine wanasema hapana, si oksijeni, ni "nosi", ile kitu ya kwenye filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001, dereva anabonyeza kitufe halafu dunia nzima inabaki nyuma. Na wapo ambao hawaoni tofauti yoyote. Gesi ni gesi, mtungi ni mtungi, ilimradi gari liwe na moto.

Pale gereji kijana mmoja mwenye Altezza alikuwa ameshaulizia mpaka bei ya kuukodi mtungi. Sikumcheka. Swali lake lilikuwa la maana: kwa nini gari lililokuwa likivuta vizuri Dar likifika Tabora linachoka? Ni jibu alilopewa kijiweni ndilo lililonifanya niandike haya.

Nauweka msimamo wangu wazi mapema ili anayetaka kunibishia ajue pa kuanzia. Oksijeni ya mtungi haina kazi kwenye injini ya gari, kabisa. Nosi inafanya kazi kweli, tena sana, lakini haina mahali kwenye barabara zetu. Na gari linalochoka Tabora lina tiba, ila tiba hiyo haikai kwenye mtungi.

Tuanze na uchovu wenyewe, kwa sababu si wa kubuni. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ukiwa unatoka Dar hulioni hilo, maana nchi inapanda polepole na ukifika huko unakuta tambarare na miombo hadi macho yachoke. Hakuna mlima wa kukuambia kwamba umepanda. Lakini hewa inajua. Kwa urefu huo kgandamizo cha hewa ni kama asilimia 88 ya kile cha pwani. Kiwango cha oksijeni ndani ya hewa ni kile kile, asilimia 21, ila hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo kila pistoni ikishuka kuvuta pumzi inapata pumzi pungufu. Injini isiyo na turbo iliyokuwa na nguvu za farasi 100 pale Bagamoyo, ukiifikisha Tabora inabaki na kama 88. Farasi 12 wameishia njiani, na hakuna aliyewaiba.

Sasa kwa nini pumzi ni muhimu kuliko petroli? Watu wengi tunadhani nguvu ya gari iko kwenye mafuta. Tunasema "kanyaga mafuta". Ukweli ni kwamba kile kikanyagio cha gari la petroli kinafungua mlango wa hewa, na mafuta yanafuata nyuma. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue sawasawa. Ukiitafsiri kwa lita, lita moja ya petroli inakula kilo 11 hivi za hewa, na kwa wepesi wa hewa ya Tabora hizo ni zaidi ya mita 10 za ujazo, chumba kidogo kizima cha kupanga kinakaribia nusu kumezwa. Kumwaga mafuta mengi zaidi ni rahisi, pampu ndogo tu inatosha. Kazi ngumu ni kuingiza hewa. Ndiyo maana tangu injini zianze, mafundi wote wanaotafuta nguvu wanagombana na jambo hilo hilo moja: oksijeni zaidi itaingiaje ndani ya silinda?

Kwa hiyo vijana wa kijiweni swali wamelipata vizuri. Oksijeni zaidi, nguvu zaidi. Mpaka hapo hawajakosea hata chembe.

Wanakosea kwenye mtungi. Tupige hesabu, maana hesabu haina ushabiki. Chukua injini ya lita mbili, kama ya hiyo Altezza. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inavuta lita 6,000 za hewa kwa dakika, na ndani yake mna oksijeni kama lita 1,260. Ule mtungi mrefu wa chuma wa lita 50, uliojazwa kwa mgandamizo wa angahewa 150, ukiufungua wote unatoa lita 7,500. Ukitaka kuipa injini oksijeni mara mbili ya ile inayovuta yenyewe, mtungi unakwisha kwa dakika sita. Dakika sita! Kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa hizo ni kilomita 12, yaani unatoka Tabora mjini, unakwenda Kwihara kwenye tembe la Livingstone, unarudi, gesi imekwisha. Na mtungi wenyewe mtupu una uzito wa kama kilo 60.

Hapo kwenye kilo 60 naomba tusimame kidogo, kwa sababu tuko kwenye njia ambayo watu wake walikuwa mabingwa wa hesabu za mizigo. Hii ni njia ya misafara ya zamani, Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa ratili 60 hadi 70, yaani kilo 30 hivi. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na wakaingia Kaze, ndiyo Tabora ya leo, mapema Novemba. Zaidi ya miezi minne. Kwenye safari ya namna hiyo kila kilichobebwa kilibidi kithibitishe kwamba kinastahili mabega ya mtu. Sasa mwambie kirangozi wa msafara kwamba una mzigo wa wapagazi wawili unaotumika dakika sita. Angekuangalia tu.

Lakini uzito ni tatizo dogo. Kubwa ni moto. Hewa tunayovuta ina nitrojeni asilimia 78, na nitrojeni hiyo haichangii kuungua, ila inafanya kazi moja ya siri: inabeba joto. Ni kama maji kwenye ugali, bila hayo unaunguza sufuria. Ukiongeza oksijeni tupu bila mwenzake, mwako unakuwa mkali na wa haraka kuliko silinda ilivyotengenezwa kuuvumilia. Pistoni za gari ni za aluminiamu. Valvu zinaungua, plagi zinayeyuka ncha, pistoni inatoboka katikati kama mtu kaipiga na moto wa kukatia chuma. Na kweli kaipiga na moto wa kukatia chuma, kwa sababu hivyo ndivyo fundi anavyokata chuma: anakipasha joto, halafu anakifungulia oksijeni.

Kuna jambo jingine ambalo kila fundi mzuri wa kuchomelea analijua na atakugombeza ukilisahau. Usishike koki ya mtungi wa oksijeni kwa mikono yenye mafuta wala grisi. Oksijeni ya mgandamizo mkubwa ikikutana na grisi inaweza kuwaka yenyewe, bila kiberiti. Sasa niambie, ni sehemu gani ya gari isiyo na mafuta? Unapeleka mpira wa oksijeni ndani ya boneti, penye oili inayovuja, mvuke wa petroli na waya wa umeme wa mwaka 1999 uliofungwa kwa nailoni. Aise.

Nosi ni habari nyingine, na hapa sitaki kuwa kama wale waandishi wanaokataza kila kitu ambacho hawakijui. Jina lake kamili ni naitrasi oksaidi. Haina uhusiano na ile nitrojeni tunayojaziwa kwenye matairi, msichanganye. Ni gesi ambayo chembe mbili za nitrojeni zimeshikana na moja ya oksijeni. Joseph Priestley aliitengeneza mwaka 1772, Humphry Davy akaivuta mwenyewe mwaka 1799 na kuwavutisha rafiki zake mpaka wakacheka hovyo, na mwaka 1844 daktari wa meno wa Marekani, Horace Wells, akaanza kuitumia kung'olea meno bila maumivu. Mpaka leo hospitali nyingi duniani zinaitumia kupunguza maumivu na kusaidia usingizi wa upasuaji. Hiyo ndiyo gesi ya akina Vin Diesel. Gesi ya kliniki ya meno.

Uzuri wake kwa injini uko sehemu tatu. Kwa uzito, hewa ina oksijeni asilimia 23, naitrasi ina asilimia 36. Pili, haiachii oksijeni mpaka ipate joto la ndani ya silinda, kwa hiyo kwenye bomba inatulia. Tatu, inahifadhiwa kwenye chupa ikiwa kimiminika, na ikitoka inageuka gesi kwa baridi kali, nyuzi 88 chini ya sifuri, hivyo inaipoza hewa inayoingia, na hewa baridi ni nzito, yaani oksijeni zaidi tena. Na nitrojeni yake inabaki mle mle kutuliza joto, jambo ambalo oksijeni tupu haina. Ukisikia imeongeza farasi 50 au 100 kwa kubonyeza kitufe, si uongo.

Na wala haikuanza kwenye filamu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wajerumani waliifunga kwenye baadhi ya ndege zao za kivita, kwa sababu angani juu kabisa hewa ni nyepesi na injini zilikuwa zinakata pumzi. Yaani tatizo la Altezza ya Tabora, ila kwa mita elfu kadhaa zaidi. Baada ya vita mbinu ikahamia kwenye mashindano ya magari Marekani. Mwaka 1976 kwenye mchujo wa Daytona 500 madereva wakubwa kabisa, A.J. Foyt na Darrell Waltrip, muda wao ulifutwa kwa tuhuma za kuificha kwenye magari yao. Mwaka 1978 ikaanzishwa kampuni yenye jina la NOS, na jina la kampuni likawa jina la kitu, kama sisi tunavyoita kila kiwi cha viatu Kiwi.

Sasa iweke hiyo chupa Tabora, mwezi wa Oktoba, saa nane mchana. Naitrasi ina mpaka wake: nyuzi joto 36.4. Ikipita hapo haiwezi tena kukaa kama kimiminika, hata uibane vipi. Chini ya hapo, kwenye nyuzi 20, chupa ina mgandamizo wa angahewa 50 hivi. Ikifika kwenye mpaka ni zaidi ya 70, na ikiendelea kupashwa inazidi kupanda. Ndani ya gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani joto linapita nyuzi 50 bila shida. Chupa za kweli zina kizibo cha usalama kinachopasuka kabla chupa haijapasuka, na wanaojua kazi wanakitolea bomba mpaka nje ya gari. Asiyejua anaacha kitoe gesi humo humo. Gesi hiyo inasukuma hewa ya kawaida pembeni, na dereva ambaye aliifunga ili akimbie zaidi anakosa pumzi akiwa kwenye usukani, tena pengine huku anacheka.

Halafu kuna petroli. Ukiongeza oksijeni lazima uongeze na mafuta kwa kipimo, papo hapo. Nozeli ikichelewa, pampu ikiwa dhaifu, filta ya mafuta ikiwa imeziba kwa uchafu wa yale madumu tunayonunulia petroli njiani, mwako unakosa mafuta na pistoni inaliwa. Mashindanoni injini inafumuliwa na kuangaliwa kila baada ya mbio. Sisi gari hilo hilo Jumatatu linapeleka watoto shule.

Na hata kila kitu kikienda sawa, chupa ya kilo nne na nusu, ukikanyaga mfululizo kwa farasi 100 za ziada, ni dakika moja na nusu hivi. Imetengenezwa kwa mbio za mita 400, sekunde kumi na kitu, basi. Kutoka Tabora hadi Dar kwa reli ni kilomita 840. Endelea mwenyewe.

Nikiwa Tabora nilikuwa nawaza kwamba mji huu unalijua jambo hili kuliko vijana wake wanavyodhani. Kilichokuwa kinapanda kutoka pwani kwenda bara kwenye misafara kilikuwa vitambaa, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Kilichokuwa kinashuka ni pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Baruti ni nini? Ni makaa, salfa na shura. Shura ndiyo siri yake, kwa sababu ndani ya shura mna nitrojeni na oksijeni zilizofungwa pamoja, zikipata joto oksijeni inaachiwa, na makaa yanaungua bila kusubiri hewa ya nje. Ni wazo lile lile la nosi, oksijeni iliyobebwa ndani ya kitu kingine. Tofauti ni kwamba baruti inaachia yote kwa mpigo. Mwaka 1893 Wajerumani walipoivamia ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe na yeye akaona hakuna njia, alijilipua kwenye ghala lake la baruti. Wanaoichukulia oksijeni ya kubebwa kama kitoweo cha kuongezea ladha ya safari wanisamehe, mimi nikiwa kwenye mji wa Isike siwezi kuichukulia hivyo.

Lakini nchi hiyo hiyo ilikuwa na jibu la pili, la amani zaidi, na linanivutia kuliko la kwanza. Wahunzi wa magharibi hii, Wasumbwa na wenzao, waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyosafiri mbali kwa biashara. Walihitaji moto mkali kuliko moto wa kupikia. Hawakuwa na mtungi wa kitu chochote. Walikuwa na mivukuto. Unachukua hewa ile ile ya bure iliyopo, unaisukuma kwa nguvu kwenye makaa, moto unapanda.

Turbo ni mvukuto. Hilo tu. Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905: moshi unaotoka kwenye injini, ambao ungepotea bure, unazungusha feni, feni inazungusha feni ya pili, na ya pili inasukuma hewa ndani ya silinda. Mwaka 1918 Wamarekani waliipandisha injini ya ndege yenye turbo kwenye mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,000, kuthibitisha kwamba injini inaweza kupumua mahali ambapo hewa ni haba. Ilipumua. Hapa kwetu somo hilo lilitolewa hadharani na Safari Rally ya Kenya, ambayo sehemu kubwa inakimbiwa kwenye nyanda za juu kuliko Tabora: Toyota Celica yenye turbo ilishinda mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Na yale malori ya Scania na Fuso yanayopita Nzega na Manyoni usiku yamebeba tumbaku na mahindi, ile filimbi unayoisikia yakipanda ni mvukuto unafanya kazi. Hakuna chupa ya kujaza tena. Inafanya kazi mpaka mafuta ya gari yaishe.

(Kwa pembeni tu: treni za umeme za SGR, zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024, hazipumui kabisa. Mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora ulisainiwa mwishoni mwa 2021. Siku treni ya umeme ikifika Tabora itakuwa chombo cha kwanza cha moto kwenye njia hii kisichojali kama hewa ni nzito au nyepesi. Hata mpagazi alijali.)

Sawa, utaniambia turbo ni ghali na si kila injini inaikubali. Kweli. Ndiyo maana nasema tuanze na yale ya elfu chache. Pale gereji fundi, mzee mtaratibu asiyependa maneno, alifungua eya klina ya gari moja mbele yangu akaigonga chini. Lilitoka vumbi jekundu la kutosha kupandia mchicha. Gari hilo lilikuwa linalalamikiwa halina nguvu. Injini ilikuwa imezibwa pua, na mwenyewe anawaza mtungi. Wenye Land Cruiser za porini wanajua, ndiyo maana bomba lao la hewa linapanda ubavuni mpaka juu ya paa kama mkonga wa tembo, likatafute hewa pasipo na vumbi.

Halafu ipo sensa ya oksijeni. Naomba mnielewe, ndiyo, gari lako lina kifaa cha oksijeni tayari! Kiko kwenye bomba la moshi, kinapima oksijeni iliyobaki baada ya mwako na kuiambia kompyuta ya gari ipunguze au iongeze petroli. Kwenye magari haya ya Kijapani tuliyoyapokea yakiwa na kilomita laki na kitu, mara nyingi kifaa hicho kimekufa na taa ya injini imezibwa kwa utepe mweusi ili isikere. Kompyuta inabahatisha, inamwaga mafuta, gari linakula na halivuti. Plagi zilizochoka, nozeli chafu, ringi zilizolika, breki inayobana tairi moja. Ukivitengeneza hivyo, zile farasi 12 za mwinuko hutazikumbuka, kwa sababu ulikuwa umepoteza 30 nyingine kwa uzembe.

Naomba niseme na hili la mwendo, maana ndilo lililo chini ya yote. Hakuna anayetaka farasi 100 za ziada ili afike mnadani. Zinatakiwa kwa ajili ya kushindana, usiku, kwenye lami. Na lami ya kutoka Tabora kwenda Nzega, na kwenda Manyoni kupitia Itigi, ni mpya. Wazee wenye miaka arobaini wanakumbuka ilivyokuwa vumbi na matope. Barabara iliyonyooka hivyo inamshawishi mtu. Lakini pembeni yake kuna baiskeli. Ukanda huu ni wa baiskeli, mtu kapakia magunia ya mkaa, mama kapakiwa nyuma na mtoto mgongoni, bila taa, bila kiakisi mwanga. Sheria inasema kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na 80 kwa mabasi na malori. Kwa 80 baiskeli isiyo na taa unaiona ukiwa umeshachelewa. Kwa 160 huioni.

Vijana wanaopenda magari nawaunga mkono, sisemi hivi kwa unafiki. Kujua injini ni elimu, na yule mwenye Altezza anajua injini kuliko wahitimu wengi wa vyuo niliokutana nao. Wapewe uwanja. Kipande kilichonyooka kilichofungwa kwa siku moja, gari la wagonjwa pembeni, zimamoto, mkaguzi wa chupa, tiketi ziuzwe. Hapo mtu alete nosi yake kwa raha zake, na pistoni ikitoboka tumcheke pamoja. Mpaka uwanja huo uwepo, chupa ibaki dukani.

Na ule mtungi wa oksijeni? Nilipotoka gereji nilikuwa bado nina ile namba kichwani, lita 7,500, dakika sita. Mwaka 2021 tuliona kwenye televisheni watu wa India wakipanga foleni na mitungi, ndugu zao wakiwa ndani ya magari wanatafuta pumzi. Hospitali ya Mkoa ya Kitete iko hapo hapo Tabora mjini. Najua mtungi wa fundi na mtungi wa wodini havitoki rafu moja, lakini oksijeni ni ile ile, inachujwa kutoka kwenye hewa hii hii. Mtu mzima anayepewa lita tano kwa dakika, lita 7,500 zinampumulisha saa 25. Mtoto mwenye nimonia anayepewa lita moja kwa dakika, siku tano na saa tano.